Usiku jenereta lilipozima

Juzi umeme ulikatika magharibi, jirani akawasha jenereta lake, ile harufu ya petroli ilivyoingia dirishani nikajikuta nimesimama jikoni na sufuria mkononi sijui nilikuwa naipeleka wapi. Mke wangu akaniuliza una nini, nikamwambia nimemkumbuka baba.

Watu wa Unguja hatujaisahau ile miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na huo umeme ulipokatika kisiwa kizima kikawa kiza, maji hayatoki maana pampu nazo zinataka umeme, watu na ndoo, mji mzima unanguruma majenereta. Sasa wale vijana wa klabu ya sinema walishapanga msimu wao wa filamu za bure kila Alkhamisi, za nje na za zamani, wakasema hatuahirishi. Uwani kwenye nyumba moja Mkunazini, shuka nyeupe ukutani, mikeka chini, kijenereta nje ya mlango. Nimeona za Japani pale, za Senegal, za India za kabla sijazaliwa, na mpaka leo nawaombea dua wale vijana.

Baba hakutaka kuja. Sinema kwake ilikuwa Empire ya Darajani, Majestic ya Vuga na Cine Afrique ya Malindi, na zote zilishafunga milango. Nikamwambia baba, leo ni habari ya baskeli. Akavaa kofia yake akatoka.

Ilikuwa Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya Italia, 1948, yaani Wezi wa Baskeli. Kijana aliyeitambulisha akatuambia yule anayecheza baba, Lamberto Maggiorani, hakuwa muigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Baba alipomuona anaibeba baskeli begani akasema kimyakimya, "Ndo maana anajua kuishika." Maandishi ya Kiingereza, mimi namtafsiria sikioni. Mke na mume wanaweka rehani mashuka yao ya kitandani ili baskeli ikombolewe apate kazi ya kubandika mabango, na siku ya kwanza tu, yuko juu ya ngazi anabandika bango la Rita Hayworth, ikaibiwa. "La haula," baba akasema kwa sauti, na bibi mmoja nyuma yetu akamuitikia.

Basi baba na mtoto wanaizunguka Roma yote na hawaipati, mpaka mwishoni yule mtu kachoka, kaona baskeli peke yake mlangoni kwa watu, akampa mtoto nauli atangulie, kisha akaichukua. Wakamkimbiza. Wakamkamata, wanampiga makofi, kofia ikaanguka, na kumbe mtoto hakuondoka, anakuja mbio analia anaing'ang'ania koti ya baba yake. Mimi nilishaacha kutafsiri, hapakuwa na cha kutafsiri. Na hapo hapo jenereta likazima.

Kiza kitupu. Mtu akawasha tochi ya simu, petroli imekwisha, kijana katumwa kuifata. Tumekaa na mbu na ile harufu. Baba akaniambia sikioni, "Mtoto anaona."

"Ndio, baba."

Akanyamaza. Halafu, "Twende zetu."

"Baba, imebaki kidogo, petroli inakuja."

"Twende, mwanangu."

Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa nakaa kibarazani kwenye kazi yake, nampangia spoki. Siku moja akaja mteja aliyeacha baskeli yake kutengenezwa na ikapotea, maneno yakawa mengi, akampiga baba kofi mbele yangu. Kofia ikaanguka. Mimi nikainama nikaanza kuzihesabu spoki, nazikumbuka, kumi na nne. Baba akaokota kofia akaifuta vumbi akaendelea na tyubu aliyokuwa anaiziba. Hatujalizungumza, si siku ile wala siku nyengine yoyote.

Tukatoka tukapita vichochoroni, kiza cha kujigonga kutani, tumeshikana mikono, mimi nina miaka 17 na ndevu zimeshaanza, kutoka Mkunazini mpaka Darajani bila neno. Nikadhani macho yake yamechoka tu.

Mwisho wa filamu nimekuja kuuona mwaka wa tatu baada ya kumzika, usiku, peke yangu na laptopu. Mwenye baskeli anasema mwacheni aende. Wanaondoka kwa miguu ndani ya umati, baba analia, mtoto anamtia mkono wake mkononi. Nikaisimamisha pale pale, sikuweza kuendelea.

Miaka yote nimekuwa nikihadithia kwamba baba ndo alonishika mkono usiku ule. Juzi na sufuria yangu pale jikoni nikajaribu tena kukumbuka. Nakumbuka vidole vyake, grisi ile isiyotoka hata kwa sabuni, na sugu ya kidole gumba. Nani alianza kumshika mwenzake, sikumbuki.