Mama na kuni za Burnham Beeches

Mama alikuja Slough, Uingereza, mwezi wa tisa kwa viza ya miezi sita, na kufika mwezi wa kumi alikuwa ameshachoka na kila kitu isipokuwa mjukuu wake. Tunakaa ghorofa ya tatu. Dirisha la sebuleni linatazama maegesho ya magari, na nyuma ya maegesho ni reli. Asubuhi narudi kutoka zamu ya usiku (nalea wazee, kazi ileile ya wengi wetu huku), namkuta ameketi kando ya hita, vyombo ameshaosha, zulia ameshalifagia ingawa jana alilifagia mara mbili, anasubiri jua. Na jua la Oktoba mnalijua. Linachungulia kama mdaiwa.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, "huku hakuna mahali mtu anaweza kwenda akakaa chini ya mti?"

Shule zilikuwa kwenye ile likizo fupi ya wiki moja, saa bado hazijarudishwa nyuma. Nikaomba ofu, nikamvalisha mama makoti mawili juu ya kitenge chake, soksi za sufu na mabuti ya mvua, tukapanda basi la Farnham Common. Si mbali, hata usingizi haukupati vizuri. Ukishuka unafuata Beeches Road, mtaa wa wenye nazo, kisha nyumba zinakwisha ghafla na msitu wa Burnham Beeches unaanza. Hakuna kibanda cha mlinzi wala daftari la wageni.

Mama akasimama. "Tunaruhusiwa kuingia?"

"Tunaruhusiwa, mama."

"Umemuuliza nani?"

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Sisi ni watu wa Lushoto, kijiji kilicho chini ya msitu wa Magamba, na msitu ule ulikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa bwana miti. Siku za kuni zilikuwa mbili kwa wiki, kuni kavu tu zilizoanguka zenyewe, panga marufuku. Ukikutwa siku nyingine, unajua mwenyewe. Nikiwa darasa la tatu nilimwona mama akiutupa mzigo mzima bondeni, pamoja na ngata, tukajilaza vichakani huku bwana miti akipita juu yetu anapiga mluzi. Kesho yake mama akarudi kuutafuta mzigo wake. Haukuwepo. Mpaka leo anaamini uliishia jikoni kwa mke wa bwana miti.

Kwa hiyo aliingia Burnham Beeches akitembea kwa ncha za mabuti.

Ni msitu wa hekta kama 220, na ukiuingia mwisho wa Oktoba unaingia ndani ya rangi ya shaba. Majani ya juu ni shaba, majani ya chini ni shaba, na hata mwanga unaopita katikati umechukua rangi hiyohiyo. Kilichomshtua mama ni ukimya. Kwetu msituni hakukosi mbega anayeguruma, ndege wanaogombana, mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya bonde. Hapa kulikuwa na mbwa na wenye mbwa, na kindi wa kijivu wanaokutazama usoni bila aibu. Hao kindi nao ni wageni, waliletwa kutoka Marekani karne ya 19, na wana tabia mbaya ya kubandua magome ya miti. Mama alipoambiwa hivyo akasema basi wana viza ndefu kuliko yake.

"Bibi, hii ni miti ya bichi," mwanangu akamweleza, akijivunia masomo yake.

"Mibichi? Mbona majani yameshakauka?"

Mtoto hakuelewa kwa nini nacheka. Kiswahili chake ni cha kuombea maji na kuagia.

Mwaloni angalau tunao jina, ingawa na wenyewe una vituko vyake. Mimi niliujua kutoka Sunday school, mialoni ya Mamre alipokaa Abrahamu, na miaka yote nilidhani ni aina ya mkuyu. Rafiki yangu wa Mwanza ukimtajia mwaloni anawaza dagaa, kwa sababu kwao mwaloni ni pale mitumbwi inapoegesha. Burnham Beeches kuna mwaloni mmoja uliozungushiwa uzio, wanauita Druid's Oak, na inasemekana umri wake unafika miaka 800. Tulimpeleka bibi akauone. Aliutazama kwa heshima ya kutosha, kama unavyomsalimia mzee wa ukoo usio wako, halafu akarudi kwenye mabichi.

Miti hiyo ya bichi ya zamani haifanani na mti unaouchora kichwani. Shina ni fupi na nene mno, limefura, lina mabonde na matundu. Moja lilikuwa tupu ndani kiasi kwamba mwanangu aliingilia huku akatokea kule. Gome ni laini, la kijivu, na watu wa zamani wamechonga majina yao, lakini mti umenenepa na herufi zimetanuka nao hazisomeki tena. Kisha juu kidogo ya kichwa cha mtu shina linaishia kama ngumi, na kutoka kwenye ngumi hiyo yanachomoza matawi kumi, kumi na mawili, kila moja likiwa na unene wa mti kamili.

Mama alikuwa ameweka kiganja kwenye ile ngumi, kwa kunyoosha mkono wote.

"Huu umekatwa," akasema.

Akaenda kwenye wa pili. "Na huu." Wa tatu. "Wote wamekatwa vichwa, urefu mmoja. Kama baba yako alivyokuwa anakata migrivelia."

Mimi nilishafika pale mara mbili kabla ya siku ile. Nilipiga picha, nikaweka status, watu wakaniambia nimependeza. Sikuwahi kuona kwamba ile miti imekatwa.

Waliolelewa milimani wanajua migrivelia ya mpakani mwa shamba. Baba alikuwa anapanda na panga, anaondoa matawi yote na kuacha shina limesimama kama nguzo ya umeme. Matawi ni kuni. Machipukizi yanatoka juu, mbuzi hawayafikii, na baada ya miaka kadhaa unapanda tena. Shina linaendelea kunenepa likisubiri siku ya mbao.

Wakati nawaza hayo, mama alikuwa ameshainama. Maana chini ya miti ile kuni zimelala, jamani. Vijiti, matawi, magogo mazima, vyote vimejilalia na hakuna anayevigusa. Hakuvumilia. Alipofika kwenye kijia cha pili alikuwa na fungu zuri kwapani, kavu tupu, amezilinganisha urefu, na alikuwa anafungua kilemba chake ili azifunge.

"Mama, hatuna jiko la kuni. Tuna hita."

"Najua. Nashika tu."

Ndipo akatokea kijana mwenye koti la kijani na ndevu nyekundu, na koti lilikuwa na nembo. Sikumwambia mama ni nani. Hakuhitaji kuambiwa. Fungu lilianguka chini lote kwa mpigo, na mama akasogea pembeni ya njia, miaka 68, macho yakitafuta kichaka.

Kijana alisalimia. Alisema kwa upole kwamba wanaomba watu wasichukue kuni, kwa sababu mti unaooza ni nyumba ya wadudu na uyoga, wengine ni adimu na wanaishi kwenye miti mizee kama hii tu. Nikatafsiri.

"Mwambie wadudu wa huku wana bahati," mama akasema. Halafu, taratibu, woga ukamtoka: "Muulize nani alikata hii miti."

Na hapo kijana akaacha kuwa askari. Alieleza, nami nikitafsiri kwa kukimbizana, kwamba kwa karne nyingi watu wa vijiji vya karibu walichunga mifugo humu na kukata matawi kwa ajili ya kuni. Walikata juu ili ng'ombe wasile machipukizi, wakarudi tena baada ya miaka kumi na zaidi. Kukatwa huko ndiko kulikoifikisha miti hii miaka 400 na zaidi, umri ambao bichi lisilokatwa kwa kawaida halifikii. Yapata miaka 200 iliyopita makaa ya mawe yakashika soko, kuni zikakosa maana, watu wakaacha kukata. Mwaka 1879 ardhi ikatangazwa kuuzwa, inafaa kujengwa majumba ya kifahari. Mwaka uliofuata ikanunuliwa na halmashauri ya City of London, ile sehemu kongwe ya mabenki katikati ya mji, na mpaka leo ndio wanaoitunza.

Lakini kumbe kuacha kukata ndiko kunakoiua. Matawi yanazidi kuwa mazito juu ya shina tupu, na siku moja mti unapasuka katikati. Kwa hiyo sasa wanapanda tena na misumeno na kupunguza, kidogo kidogo, kwa sababu bichi zee ukilinyoa lote kwa siku moja linakufa. Na wanakata miti michanga vichwa ili irithi nafasi ya mizee.

Nilipomaliza kutafsiri nilinyamaza kwanza. Utoto wangu wote niliambiwa kwamba mwanamke mwenye mzigo wa kuni ndiye adui wa msitu. Shuleni tuliimba hata nyimbo. Na hapa nimesimama ndani ya msitu ambao watu wanakuja kutoka mbali kuupiga picha, na umbo lake lote ni kazi ya watafuta kuni.

Nilimweleza kijana habari za baba na migrivelia yake, naye akawa na swali kwa mama. Marehemu mume wake alikuwa anakata kila baada ya miaka mingapi?

"Mitatu, minne," mama akajibu. "Inategemea ada ya shule."

Nilimtafsiria. Alicheka, kisha akaona kwamba mama hacheki.

Tulipokuwa tunatoka tukawakuta ng'ombe, wakila majani katikati ya msitu bila uzio. Kila mmoja ana kifaa shingoni. Akikaribia mpaka kinapiga mlio, akikaidi kinampiga shoti ndogo. Mama aliangalia huku na huku akimtafuta mchungaji, nikamwonyesha kile kifaa. Alitikisa kichwa na hakusema kitu, na mama yangu kukosa la kusema kuhusu ng'ombe si jambo la kila siku.

Usiku ule alimpigia mama mdogo kwa WhatsApp, simu ameiweka mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo.

"Leo bwana miti wa Kizungu kanikuta na kuni."

"Yallah! Kakutoza shilingi ngapi?"

"Hakunitoza. Tumeongea habari za migrivelia."

Kimya kidogo upande wa Lushoto.

"Na kuni je, dada?"

"Nimeziacha palepale," mama akasema. "Kavu kabisa."