Sakafu ya marumaru iliyoliwa na asidi: jinsi ya kurudisha mng'ao

Ile alama nyeupe, iliyofifia, inayobaki kwenye marumaru baada ya kumwagikiwa siki, maji ya ndimu au dawa kali ya choo si doa. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe. Hapa ni jiwe lenyewe lililoliwa. Marumaru kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, na asidi huigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka huku gesi ya kaboni dayoksaidi ikitoka. Yale mapovu madogo ni jiwe linaloondoka. Kwa hiyo sabuni haitasaidia, na nta itaficha tu kwa muda kisha ikwamishe kazi yote.

Kwanza iue asidi iliyobaki. Koroga vijiko viwili vya chakula vya bikaboneti ya soda katika lita moja ya maji, lowesha sakafu, iache dakika kumi, kisha suuza mara mbili kwa maji safi. Usimwage dawa ya klorini juu ya asidi hata kidogo: hutoka gesi ya sumu.

Acha sakafu ikauke kabisa kabla ya kuikagua, maana maji huficha alama. Laza tochi chini ili mwanga upite juu ya uso, kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wa alama. Ukucha usipokwama, huenda unga wa kung'arishia marumaru ukatosha. Ukikwama, au uso ukiwa na ukwaru, itabidi uanze na pedi za almasi, yaani pedi zenye chembe za almasi za kusugulia jiwe.

Jaribu kwanza kigae kimoja kilichojificha, na anza na pedi laini kadiri inavyowezekana; namba ya pedi ikiwa kubwa, ndivyo ilivyo laini zaidi. Namba 400 ikishindwa, rudi 200. Kutoka hapo panda: 400, 800, 1500. Tumia mashine ya diski moja yenye mizunguko kama 175 kwa dakika, na maji muda wote. Grainda ya kukatia vyuma ina kasi mno. Itachimba mabonde ambayo utayaona kila jua likiingia dirishani.

Hapa kwenye kubadilisha namba ndipo kazi nyingi huharibika. Kila pedi ina kazi moja: kufuta mikwaruzo ya pedi iliyotangulia. Pita kwa urefu, kisha kwa upana, kusanya tope lote, suuza, kausha eneo dogo na uliangalie kwa tochi. Ukiona mstari wowote wa pedi ya nyuma, usipande. Chembe moja ya namba 200 iliyobaki kwenye tope huchora mstari ambao namba 1500 haiuwezi. Na usisugue alama peke yake, utaacha duara lenye mng'ao tofauti. Fanya kigae kizima hadi kwenye maungio.

Baada ya 1500 ndipo unga. Changanya na maji hadi uwe mzito kama uji mwepesi, tumia pedi nyeupe (ile laini ya kung'arishia, si ya almasi), na chukua eneo lisilozidi mita moja ya mraba kwa wakati. Unga mwingi wa aina hii una asidi ya oksaliki, hivyo ukiuachia ukauke au ukisugua kupita kiasi, uso hubabuka na kuwa na vipele kama ganda la chungwa. Dawa yake ni kurudi 800. Ongeza maji kidogo kila unapoona tope linashika, simama mng'ao unapolingana na kigae kisichodhurika, kisha suuza mpaka maji yatoke safi.

Dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe ipakwe baada ya sakafu kukauka angalau saa 24. Huzuia mafuta na rangi kuzama, lakini haizuii asidi kula uso, hata kama kopo linaahidi mengi. Kwa usafi wa kila siku tumia sabuni isiyo na asidi, yenye pH ya karibu 7, na suuza kwa maji safi.