Nilivyoipima ile mashini ya "kuamsha macho" kabla haijanigusa

Naandika hii sababu nimechoka kupigiwa simu. Kila mtu wa Bukavu mwenye ndugu asiyeona amesikia kuna mashini ya umeme inaamsha mshipa wa jicho, na akijua mimi nina ugonjwa wa neva ya macho na juu yake ni fundi wa simu, basi mimi njo nimekuwa ofisi ya kuulizia. Wote wanauliza: inaponya? Jibu fupi: ile inayozungushwa hapa, hapana. Jibu refu liko hapa chini, soma ukiwa na bando.

Ugonjwa wangu unaitwa LHON, au ugonjwa wa Leber, jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1871. Hauumi hata kidogo, ndiyo ubaya wake. Mimi ulinianzia kwenye rezista, kile kidude kidogo cha kupunguza umeme. Ile mistari ya rangi, nyekundu na ya kahawia zikawa kitu kimoja, nikawa namuuliza dogo ninayemfundisha kazi "hii ni rangi gani" na yeye anadhani namtahini. Halafu jicho la kulia likaingia ukungu katikati, pembeni naona sawa, nikikuangalia usoni kichwa hakipo ila masikio yapo. Muda si mrefu la kushoto nalo likafuata. Muganga (daktari) wa kwanza akasema ni uchovu wa kusudea, yaani kulehemu vidude vya simu, wa pili akaniandikia miwani, wa tatu miwani nyingine, ningeweza kufungua duka la miwani pale Nyawera.

Nyumbani sasa. Shangazi, dada yake papa, hakupoteza muda: "Mutoto, balikupatia karuho. Na upande wa mama yako banajulikana." Karuho ni sumu ya kupewa kwa siri. Ushahidi wake ni kwamba wajomba wawili walipoteza macho wakiwa vijana kama mimi. Mama akawa haendi tena kwenye vikao vya familia. Ndiyo maana nikavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, nikapanda basi la Kigali, ule msitu wa Nyungwe wote nikiwa natapika kwenye mfuko, nikaonana na daktari wa macho aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: nani mwingine kwenu, na ni upande gani? Damu ikatumwa Ulaya, binamu yangu aliyeko huko akalipa, sijui ni mia mbili au mia tatu dola, hajawahi kunitajia kamili na mimi sijauliza. Jibu likarudi: badiliko la jeni namba 11778. Kuna matatu makubwa, hilo na 3460 na 14484, ndiyo yanayobeba karibu 90% ya wagonjwa wote, na langu njo linalopatikana zaidi.

Nikarudi nikaitisha kikao. Nikasema ugonjwa unatoka kwa mama. Shangazi akapiga makofi: "Si nilisema!" Ilibidi nikae chini nianze upya. Nikawaambia ndani ya kila seli kuna vitu vidogo vinaitwa mitokondria, ni betri ya seli, na hizo betri mtu anazipata kwa mama yake tu, papa hatoi hata moja. Zangu zina kasoro ya kiwandani, na neva ya jicho inakula umeme mwingi, njo inazima ya kwanza. Mama anazo pia na anaona vizuri, sababu wanawake wengi wanaobeba hawaugui, wanaume ndio tunapigwa zaidi. Mama mwenyewe alizipata kwa nyanya, nyanya kwa mama yake, sasa karuho gani hiyo inapewa mtu kabla hajazaliwa? Shangazi alisema atafikiri. Bado anafikiri.

Na hapa niokoe pesa za watu: kama mama amepimwa anayo, usikimbie kupima watoto wote, kwa kawaida wote wanayo, swali ni nani ataugua. Watoto wangu mimi mwanaume hawaipati kwangu. Wa dada yangu njo nawafuata nyuma kama askari.

Haya, mashini. Mjomba wangu mdogo, kwa mapenzi yake, alikuwa ameshatoa avansi, malipo ya mwanzo, kwa bwana mmoja mwenye chumba huko juu Kadutu. Bei yote dola mia tatu hivi kwa "matibabu kamili". Yule bwana anaongea vizuri, lazima niseme. Anasema neva haijafa, imelala, umeme unaiamsha, Wajerumani na Wajapani wanafanya hivyohivyo. Na kibaya ni kwamba alikuwa na kaukweli. Ujerumani kuna kifaa kinaitwa OkuStim, kina uzi mwembamba unaogusa jicho, nusu saa mara moja kwa wiki, lakini kilitengenezwa kwa ugonjwa mwingine, ule wa retina, ile ngozi ya ndani nyuma ya jicho, unaoitwa retinitisi pigmentosa. Na Wajapani wa Kobe kweli walijaribu umeme wa kwenye ngozi kuzunguka jicho kwa watu wa LHON, wakatoa matokeo 2020. Watu wachache, na hakukuwa na kundi la pili lisilopewa umeme la kulinganisha nalo. Hilo si jambo dogo, sababu huu ugonjwa wakati mwingine unarudisha macho kidogo wenyewe, hasa wenye 14484, sasa utajuaje ni umeme au ni Mungu?

Sikumbishia. Nilienda na dogo, na mfukoni nina ledi moja, kale kataa kadogo kekundu, rezista ya kilo-omu moja, na spika ya sikioni niliyoitoa kwenye simu ya Tecno iliyokufa. Nikamuuliza kwa adabu, "Muzee, umeme wako ni sawa na wa Wajerumani?" Akasema sawasawa, tena laini zaidi. Nikamwambia mimi ni fundi, niruhusu niusalimie kwanza. Nikafunga spika kwenye zile pedi mbili za mashini zinazobandikwa mwilini. Ule wa Ujerumani unapiga mapigo 20 kwa sekunde, kwa spika utasikia tratratra kama pikipiki ya zamani. Huu wake ulilia zzzz, mfululizo. Nikatoa spika nikaweka ledi na rezista, nikamwambia apandishe kidogo kidogo. Umeme wa kwenye jicho kwa kawaida hauzidi miliampea moja, mwingi ni chini ya hapo. Huu wake ulipita hapo: ledi yangu iliwaka hadi mimi nisiyeona katikati niliiona kwa pembeni, na mama mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake akasema "aah, iko nawaka!"

Wakati huo dogo alikuwa ameokota karatasi ya maelezo ndani ya boksi. Ni mashini ya kukanda misuli ya mgongo. Kuna mchoro wa kichwa cha mtu umepigwa msalaba. Akasoma kwa sauti, kwa Kifaransa chake kibovu kabisa: usiweke kichwani, usiweke karibu na macho. Nikamwomba muzee ajiwekee yeye mwenyewe kwenye paji la uso. Akasema yeye macho yake ni mazima hayahitaji. Basi mkononi, nikasema. Akaweka mkononi, dogo akazungusha kitufe, vidole vikajikunja vyenyewe na kalamu ikaruka mpaka dirishani. Yule mama akachukua kikapu chake akashuka.

Kuna dawa inaitwa idebenoni, Ulaya waliikubali 2015 kwa huu ugonjwa, inasaidia baadhi. Niliulizia kwenye faramasi za hapa wakaniletea ya minyoo. Kwa hiyo nilichobaki nacho ni cha bure: sigara hapana, pombe kali ya kanyanga hapana, na ukiwa na hii familia na ukapata kifua kikuu mwambie muganga kabla hujameza, sababu kati ya zile dawa nne za mwanzo kuna etambutoli na inaweza kuumiza neva hiyohiyo. Kazi naendelea, programu ya TalkBack inanisomea simu kwa sauti, kwa spidi ambayo wateja wanadhani ni redio imeharibika, chaji na betri nabadilisha kwa vidole, vidogo vidogo anasudea dogo.

Avansi ya mjomba? Nusu ilirudi siku ileile. Nusu nyingine muzee anasema kesho.