Fimbo ya Babu Haikai Ukutani

Wengi wetu tuliotoka Dodoma tukahamia huku Uingereza tuna kona moja sebuleni ya kumbukumbu za nyumbani. Kuna kibuyu, kuna ungo, pengine na zeze limetundikwa juu ya televisheni. Vinafutwa vumbi, wageni wanavisifu, basi. Mimi naona kitu cha familia kikishatundikwa, habari zake zinaanza kupotea humo humo nyumbani. Kwangu vinatumika.

Fimbo ya babu nilikabidhiwa na shangazi kule Hombolo, Dodoma, mbele ya baba zangu wadogo wote, ili kesho asitokee mtu wa kuuliza imekwendaje Ulaya. Ni mti mgumu, umekuwa mweusi kwa mafuta ya kiganja, na karibu na kishikio kuna alama tatu alizozichonga mwenyewe. Babu alichungia ng'ombe na fimbo hiyo, na uzeeni akaiegemea. Niliizungushia kanga nikaipakia kwenye mizigo, na Jumamosi iliyofuata nikatoka nayo kutembea.

Naishi Sheffield, na ukipanda basi la mjini hazipiti saa nyingi umefika kwenye vilima vya Peak District. Kilichonipendeza kuliko vyote ni njia za miguu: zinakatiza katikati ya mashamba ya watu, kondoo wanakutazama, na sheria inakulinda kupita. Haki hiyo wenyeji waliidai. Mwaka 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda mlima Kinder Scout uliofungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na baadhi yao wakaishia gerezani. Mwaka 1951 eneo hilo likawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humu. Binti yangu anaijua habari hiyo vizuri, na anajua pia kwamba fimbo anayoibeba tukiteremka ilikuwa ikifukuza ndama kwenye mtama wa jirani.

Likizo iliyopita nikairudisha Dodoma, kutembea nayo tu. Julai nyumbani ni baridi ya asubuhi na upepo wa vumbi jekundu. Uwele na mtama vimeshavunwa, mabua yamelazwa, ng'ombe wameachiwa mashamba. Mibuyu haina jani hata moja, matunda yananing'inia, na mtoto mwenye shabaha anaangusha moja kwa jiwe. Unalipasua kwenye mwamba, unamumunya ubuyu mkavu huku unatembea. Hakuna haraka. Kila unayepishana naye ni "mbukwa", na salamu ya kwetu haiishii hapo: utaulizwa wa nyumbani, watoto, mifugo, na mvua za huko unakokaa.

Ndipo mzee mmoja, nisiyemfahamu kabisa, akaacha kuniangalia usoni akaitazama fimbo. Akaiomba, akapitisha kidole gumba kwenye zile alama tatu, akataja jina la babu. Kumbe walichunga pamoja wakiwa vijana. Alama hizo, akasema, ni za mwaka wa njaa walipopeleka mifugo mbali kutafuta maji, na babu alikata moja kwa kila ng'ombe aliyerudi naye hai. Watatu. Shangazi hakuwa anajua, wala baba zangu wadogo. Tulikaa pale kando ya njia mpaka jua likawa kali, mzee akisimulia, binti yangu akiuliza, nami nikitafsiri Kigogo kwa shida. Fimbo hiyo ingekuwa ukutani Sheffield, habari ile ingezikwa na yule mzee.

Wiki hiyo tulifika pia Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani. Ni kupanda kidogo, na fimbo ilifaa. UNESCO iliiingiza michoro hiyo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na watu huifuata kwa sababu ya zile sura nyembamba za watu na wanyama zilizochorwa kwa rangi nyekundu. Mimi nilivutwa zaidi na jambo jingine: wenyeji bado wanayatumia baadhi ya maeneo hayo kwa matambiko, wanaomba mvua, wanatafuta uponyaji. Urithi wa kale kiasi hicho, na bado una kazi.

Huku nako raha zangu ni ndogo ndogo. Jumamosi tukirudi kutembea napika ugali wa uwele. Unga wake naupata maduka ya Wahindi, wenyewe huuita bajra. Mlenda ni ule mkavu uliotwangwa, shangazi hunifungia mfuko mzima. Maji kidogo, magadi kidogo, karanga za kusaga, na nyumba yote inanukia jikoni kwa bibi. Maziwa nayagandisha, kisha nayatia kwenye kibuyu cha bibi na kuyatikisa mpaka siagi ijitenge. Binti yangu hutikisa hadi mkono umchoke, kisha ananipa zamu.

Kibuyu hicho majira ya baridi haya kimepata ufa mdogo mdomoni, maana joto la mitambo ya nyumba za huku linakausha kila kitu. Fimbo naipaka mafuta, haijambo. Kibuyu nilimwonyesha shangazi kwa simu ya video, akakigeuza kwa macho, akacheka kwamba bibi alishakishona upande wa pili kabla sijazaliwa, nitazame vizuri. Kweli, uzi upo. Ameniagiza nitoboe matundu kwa sindano ya moto, taratibu, nisilazimishe, nishone kwa uzi wa nta. Uzi nimeshanunua. Jumapili tunashona, yeye akiwa hewani kutusimamia.