Begi la Bluu

"Mama, humu ndani kuna kitu kilikufa?"

Binti yangu huyo, Jumamosi asubuhi, kasimama mlangoni kalishika begi la bluu kwa vidole viwili kama mtu aliyekamata panya mkiani. Wiki ijayo anaripoti kidato cha tano. Tranka lake la miaka minne lilirudi nyumbani bila kitasa na bawaba moja imeng'oka, nami nikajifanya mbahili: chukua begi langu la safari, lipo juu ya kabati, halijatoboka popote. Gurudumu moja tu ndilo bovu.

Nikainama nikanusa. Mara moja ilitosha.

"Hakuna kilichokufa," nikamwambia. "Hiyo ni sera."

Akaniangalia kwa lile jicho mnalolijua wenye watoto wa umri huo. Baba yake, sebuleni, akacheka peke yake. Yeye anakijua kisa chote, maana ndiye aliyekuja kunipokea stendi siku niliyorudi na hilo begi, akalibeba mbali na mwili wake mpaka nyumbani.

Basi ngoja nikiandike kabla sijaliloweka.

Watu wakisikia nimekaa serikalini miaka yote hii upande wa uvuvi, hudhani nilikuwa nakimbizana kwa boti na makokoro, zile nyavu haramu za kukokota. Hao ni wenzangu wa doria, na baridi yao na malaria yao. Mimi kazi yangu ilikuwa karatasi. Nilikuwa nachukua takwimu za mialo, huko samaki wanakoshushwa, nazigeuza majedwali, majedwali nayageuza aya, aya nazibana ziwe dokezo sabili la kurasa mbili, kwa sababu mkubwa hasomi ya tatu. Dokezo likibahatika, baada ya miaka, linakuwa sentensi moja ndani ya kanuni. Sentensi hiyo ndiyo inayokwenda kumkuta mtu ziwani saa nane za usiku, giza la mwezi, karabai inawaka, hajui kama mimi nimewahi kuzaliwa.

Mwaka ule hoja ilikuwa dagaa. Ziwa moja la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nchi tatu, na samaki mmoja mwenye majina matatu: kwetu dagaa, kwa Wakenya omena, kwa Waganda mukene. Tangu mkataba wa Kisumu wa mwaka 1994 ilishakubaliwa kwamba uvuvi wa Ziwa Victoria usimamiwe kwa pamoja, na pamoja hiyo ikapewa makao Jinja, Uganda. Kulisema neno pamoja si kazi. Sisi tuna asilimia 51 ya maji, Uganda 43, Kenya 6, lakini mezani kila nchi ina kiti chake na kila kiti kina wavu wake. Kwetu tulikuwa tunazungumzia macho ya wavu, yale matundu yake, ya milimita 8. Wakenya walikuwa na 10 yao na wangependa wote tufike huko. Tofauti ni milimita 2. Mistari miwili ya penseli butu umeshazimaliza.

Msicheke. Dagaa maisha yake ni mwaka mmoja hivi, akifika kama sentimita nne keshakuwa mtu mzima. Jicho la wavu likiwa dogo mno unazoa watoto ambao hawajazaa, na pamoja nao vitoto vya sangara vilivyokuja kushangaa taa. Likiwa kubwa mno, mvuvi anavuta maji matupu halafu anadaiwa mafuta. Mahali fulani katikati hapo ndipo nilipokuwa nalipwa mshahara nipatafute.

Bosi wangu wa wakati ule, mtu mzuri tu, aliniita akaniambia niandae msimamo wa nchi. "Andika kwamba tunabaki na 8," akasema, "halafu utafute sababu."

Nikaenda Igombe, mwalo wa huko Mwanza, kutafuta sababu.

Pale mwaloni nilimkuta mzee mmoja mwenye mitumbwi miwili, anashona wavu chini ya mti. Nikajitambulisha, nikatoa rula. Akaitazama ile rula, akanitazama mimi.

"Bibi Samaki," akaniambia. Nilikuwa na miaka 27, bila shaka mdogo kuliko kitinda mimba wake, lakini ukishakuwa ofisa uvuvi wewe ni Bwana Samaki au Bibi Samaki, hakuna jina la katikati. "Bibi Samaki, huu dukani nimeuziwa 8. Umeingia majini, umeanikwa, umeingia majini tena. Haya pima."

Nikapima. Saba.

"Sasa mwizi hapo nani? Mimi, mwenye duka, au ziwa?"

Sikuwa na jibu, nikaandika kwenye daftari ili nionekane ninalo. Akachukua kisu, akakata kipande cha ukubwa wa leso kwenye upande uliokuwa umeshachanika, akakikunja. "Wapelekee hao wakubwa wenzio. Wapime na wao. Ukirudi uje uniambie wamepata ngapi."

Hakukiosha. Na mtu aliyekukatia wavu wake humwambii akauoshe.

Safari ya Sirari, Kisumu, Busia mpaka Jinja naipitia haraka, ila jambo moja ambalo ofisini hakuna aliyelijua: nilikuwa na mimba ya miezi miwili. Ya huyu huyu anayeniuliza leo nini kilikufa. Kila basi liliporuka tuta, harufu ilishuka kutoka kwenye mizigo juu ya kichwa changu ikaja kukaa mapajani kama mtoto wa jirani. Abiria wa pembeni alihama kiti kabla ya Kisumu. Pale Busia, mtu wa forodha alifungua begi, akalifunga, akanipungia mkono nipite, na nadhani ndiyo mara pekee maishani nimevuka mpaka bila swali hata moja.

Ukumbini sasa.

Mikutano ya namna ile mnaijua. Kitambaa cheupe mezani, chupa za maji, peremende kwenye bakuli la kioo, bendera tatu ndogo, kipaza sauti mbele ya kila ujumbe chenye kitaa chekundu ukikiwasha. Ilikuwa siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, saa ile ambayo hata projekta inasinzia. Tangu jana yake asubuhi tulikuwa tumemtaja dagaa kwa majina yake yote pamoja na lile la kisayansi, na hakuna mtu aliyekuwa amemwona. Bosi alisoma msimamo wetu. Wakenya wakajibu kwa grafu. Waganda wakasema tatizo si namba, ni utekelezaji. Mwenyekiti akauliza kama kuna la kuongeza. Bosi, kwa heshima tu, akanigeukia mimi.

Swali lile linajibiwa "hapana, asante". Mimi nikainuka na mfuko wa rambo.

Nilipokifungua kile kipande, watu wa upande ule wa meza walirudi nyuma pamoja, kama mawimbi. Nikakitandaza kwenye kitambaa cheupe kati ya chupa na bendera. Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha woga kwamba huu ni wavu ulionunuliwa kwa 8, naomba tuupime.

Kijana wa Kiganda aliyekaa karibu nami alikuwa na rula. Akaiweka kwenye jicho moja, akakaza macho, akasema: nne.

Kimya.

"Kama ni nne," mtu akasema, "basi hata kwenu ni haramu."

"Amepima ubavu mmoja," bosi akadakia. "Jicho linavutwa. Unashika kona hii na kona ile, unalivuta mpaka linyooke, ndipo unapima."

Wakavuta. Aliyevuta taratibu kama anayepima fulana ya mtoto akapata 7. Aliyevuta kama anafunga mzigo wa kuni akapata 8, akatutazama kwa ushindi. Rula ikazunguka meza. Watu wazima wa nchi tatu, wenye shahada zao, waliinamia kitambaa kimoja wakivutana uzi. Kisha mama mmoja wa ujumbe wa Kenya akauliza, wala hakumuuliza mtu fulani: "Hivi huko mialoni, hawa watu wetu huwa wanavuta, ama wanapima ubavu?"

Mwenyekiti akanywa maji.

Hapo ndipo alipoanguka. Katika kuvutana kule kipande kikakung'utika, na dagaa mmoja mkavu, urefu wa kiungo cha kidole, akadondoka kwenye kitambaa cheupe mbele ya kipaza sauti cha Wakenya. Kitaa chekundu kinawaka. Sote tukamtazama. Sijui tulimtazama kwa muda gani, lakini nakumbuka jinsi alivyokuwa amelala kiubavu, fedha yake imeshakuwa kahawia, na nakumbuka kwamba mtu wa projekta aliacha kubofya.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kenya, miwani kaining'iniza kwa kamba shingoni, ambaye kwa siku mbili alikuwa amesema maneno kama kumi. Akanyoosha mkono. Akamwokota kwa vidole viwili, akampuliza, akamtupia mdomoni.

Akatafuna. Na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, ukumbi mzima ulisikia mchanga ukisagika.

"Hii imeanikwa chini," akasema kwa Kiswahili, bila kumtazama mtu. "Mngeianika kwa chanja ingekuwa na bei."

Ukumbi ukalipuka kicheko. Mimi sikucheka. Tumbo lilipanda mpaka kooni, nikatoka mbio nimeziba mdomo, nikamtapikia mwenye hoteli maua yake. Ndani walidhani nimeaibika. Niliporudi, wote watatu wenyeviti wa ujumbe walikuwa wapole kwangu kupita kiasi, kipande changu kimekunjwa vizuri kama leso ya harusi, na tumeshahamia ajenda inayofuata. Kwenye kumbukumbu za mkutano kuna mstari mmoja: ujumbe wa Tanzania uliwasilisha sampuli.

Kilichofuata ni cha kawaida. Niliporudi ofisini niliandika ripoti, nikaweka aya moja kuhusu nyavu kusinyaa zikishatumika, na kuhusu kueleza waziwazi jicho linapimwaje. Bosi akaikata kwa wino mwekundu. Pembeni akaandika: hii si sera, hii ni hadithi. Hata leo sijui kama alikosea. Ukianza kuandika kanuni kwa kumsikiliza kila mwenye wavu uliosinyaa, hutazuia wavu wowote. Mwenye macho ya 5 naye atakuja na risiti. Hilo nalielewa kabisa, na nimewahi kuwaambia vijana waliokuja chini yangu maneno yale yale, kwa wino wa bluu.

Kanuni zetu mpya zilipotoka mwaka 2009, dagaa wa ziwani akabaki na 8. Nilifurahi, nisidanganye. Niliwanunulia soda watu wa masijala. Namba yangu ilikuwa imechapwa.

Mwaka 2018 nilikuwa nimeshahamia Dodoma. Nyavu zilizokamatwa kwa kuwa haramu zilipochomwa kule ziwani tuliangalia kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku, marundo yanawaka na moshi mweusi wa nailoni. Makokoro na timba, uvuvi mwingine wa haramu, sina machozi nazo. Nimeona takwimu zake kwa miaka mingi mno. Lakini nilijikuta nimesogea karibu na televisheni kama bibi asiyeona vizuri. Baba watoto akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia rula.

Igombe sikurudi. Mimba ikawa ngumu, nikajifungua, likizo ikaisha, uhamisho ukaja. Sababu zote za kweli. "Ukirudi uje uniambie wamepata ngapi," na mimi jibu ninalo tangu siku ile, tena majibu matatu.

Haya. Jumamosi hiyo hiyo, binti yangu akiwa anamwaga vitu vyote vya begi ili tuliloweke, akafungua zipu ya mfuko wa ndani, ule wa kuwekea nguo chafu. Rambo. Limeshapauka, linapasukapasuka kama ganda la kitunguu. Ndani yake leso yangu ya harusi.

Hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Akakitandaza kwenye sakafu, akainuka, akaenda kuleta rula kwenye mkebe wake mpya wa hesabu. Mtoto wa sayansi huyu. Akapiga magoti, akafumba jicho moja.

"Tatu na nusu," akasema.

Nikamwambia alivute kwanza.