Argument yako iko wapi?

Insha yangu ya kwanza chuoni hapa Leeds, Uingereza, ilirudi na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: argument yako iko wapi?

Neno hilo nililijua tangu Tanga, tena kwa maana moja tu: ugomvi, watu wamepandishiana sauti. Nami niliandika kuhusu kuanguka kwa mkonge wetu kwa adabu zote. Wanaolaumu nyuzi za viwandani nimewanukuu, wanaolaumu utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha mwaka 1967 nimewanukuu, sikumpinga yeyote. Sasa mwalimu alitaka nigombane na nani?

Nilikaa na insha ile wiki nzima. Nilikolelewa, mwanafunzi hamfuati mwalimu kumuuliza alikuwa na maana gani.

Jumamosi usiku jirani yangu na mkewe wakazozana, milango ikabamizwa. Asubuhi tulikutana kwenye ngazi akaniomba radhi kwa argument ya jana. Neno lile lile! Nikaenda maktaba kufungua kamusi.

Waingereza walilipata kwa Wafaransa karne ya 14, na asili yake ni Kilatini, kitenzi arguere: kubainisha, kuthibitisha, na pia kushtaki. Wanaisimu wengi wanakihusisha na mzizi wa kale wenye maana ya kung'aa, ule ule uliozaa argentum, yaani madini ya fedha. Ndiyo maana wanakemia huandika fedha kwa herufi Ag, na ndiko Argentina ilikopata jina. Basi neno nililoliogopa lilianza kama kazi ya kulitoa jambo gizani. Ugomvi uliingia baadaye, na naona ilivyokuwa: ukithibitisha jambo, hakosi wa kukukatalia, na mkikataliana sana sauti hupanda.

Sisi tumeyatenga mambo haya mawili. Tuna hoja, kutoka Kiarabu hujja, uthibitisho. Halafu tuna ubishi, mzozo, ugomvi. Tunasema hoja hujibiwa kwa hoja, na kila mtu anaelewa kwamba hapo ngumi haina nafasi. (Shauri ndilo linalotuchanganya kidogo: nyumbani ni ushauri wa busara, likifika mahakamani ni kesi.) Laiti mtu angeniambia siku ya kwanza kwamba chuoni argument ni hoja, nisingepoteza wiki ile.

Ndugu zangu mnaokuja kusoma huku, sikilizeni neno linalotangulia na linalofuata. Wakisema have an argument, watu wamegombana. Wakisema make an argument, mtu anajenga hoja. Argue with ni kubishana na mtu. Argue that ni kutetea kwamba jambo fulani liko hivi. Kwenye insha utaombwa hilo la pili, karibu kila mara. Kunyamaza kwa heshima, jambo ambalo wazee wetu walitusifia, huku husomeka kama mtu asiye na la kusema. Hilo liliniuma, kwa sababu la kusema nilikuwa nalo.

Jumatatu nilibisha hodi ofisini. Mwalimu aliifunika insha yangu kwa kiganja akauliza, "Hawa wote nimewasikia. Wewe unaonaje?"

Nikamwambia nilivyoona. Bei ya mkonge duniani ilianza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, mashamba yakiwa bado mikononi mwa makampuni. Utaifishaji ulikuta mgonjwa tayari kitandani. Unaweza kulaumiwa kwa namna alivyouguzwa, lakini si kwa ugonjwa kuanza. Nilisema kwa sauti ya chini, macho nimeyaelekeza mezani, nikingoja anikatize. Hakunikatiza. Alinisogezea karatasi na kalamu akaniambia niandike sentensi hiyo kabla haijanitoka.

Ndiyo inayofungua insha niliyoirudia: mkonge wa Tanga ulianza kuanguka kabla haujataifishwa.