Nani Anamshuku Nani Kwenye Pampu ya Mafuta

Tangu nirudi nyumbani baada ya kuishi Marekani kwa miaka mingi, ndugu na marafiki huniuliza ni kitu gani kimenipa tabu kukizoea upya, na wengi wao husubiri nitaje jambo zito kuliko hili ninalolitaja. Kinachonipa tabu ni kukaa garini huku mtu mwingine akinijazia mafuta. Kule gari likisimama kando ya pampu, dereva hushuka, hulipa, huchukua mpira na kujaza mwenyewe, hata kama barafu imeganda chini ya viatu vyake, hapa mhudumu huwa amekwishafika dirishani kabla injini haijazimwa, ameuliza kama ni petroli au dizeli na ya kiasi gani, kisha ananiambia, "Mzee, angalia sifuri." Maneno hayo ya mwisho nilikuwa nimeyasahau kabisa, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuilinganisha mifumo hii miwili kwa makini, badala ya kubishana tu kuhusu upi ni rahisi na upi ni wa kisasa.

Mhudumu anaponitaka niangalie sifuri, ananifanya shahidi. Yeye ndiye aliyeshika mdomo wa pampu, na mimi nimekaa mahali ambapo sioni vizuri kinachoingia kwenye tangi. Asipohakikisha kwamba nimeona mita ikianza upya, naweza baadaye kudai kuwa amenilipisha mafuta ya mteja aliyenitangulia, naye hatakuwa na utetezi. Kwenye vituo vya kujihudumia sikuwahi kuambiwa hivyo, kwa sababu mteja mwenyewe ndiye anayeinua mdomo wa pampu, anayechagua aina ya mafuta na anayeziona tarakimu zikirudi sifuri mbele ya macho yake. Hata hivyo shaka haijaondoka pale, imehamia upande wa pili. Mafuta yakishaingia kwenye tangi hayarudishwi, na gari lina magurudumu, hivyo mwenye kituo aliyemwachia mgeni pampu yake ndiye anayekosa usingizi. Panapohudumiwa, mteja humshuku muuzaji. Panapojihudumia, muuzaji humshuku mteja. Kwa maoni yangu, tofauti nyingi tunazozibishania zimetoka hapo.

Shaka ya muuzaji ina gharama ambazo mgeni wa Marekani huzigundua mapema. Vituo vingi havimruhusu mtu kujaza kabla ya kulipa. Anayelipa kwa kadi pale pale kwenye pampu anaweza kudaiwa msimbo wa posta wa anwani yake ya bili, jambo linalomkwamisha msafiri ambaye kadi yake imetolewa na benki ya nchi nyingine, na hapo humbidi aingie ndani kwa karani, ataje namba ya pampu na kukisia kabla hajajaza kwamba atahitaji mafuta ya dola ngapi. Kituo kinaweza pia kuzuia fedha kwenye akaunti ya mteja mpaka malipo halisi yakamilike. Mwaka 2022 Visa na Mastercard ziliinua kiwango cha juu cha zuio hilo kutoka dola 125 hadi dola 175, na mtu mwenye salio dogo aliyejaza mafuta ya dola 20 anaweza kukuta fedha zake nyingine zimefungwa kwa muda. Wezi nao waliiona nafasi yao, wakawa wanapachika kwenye pampu vifaa vya kunasa taarifa za kadi, maana pampu isiyo na mtu wa kuilinda haina wa kuuliza nani anachokonoa nini.

Kanada ilijifunza upande wa giza zaidi wa jambo hili. Mwezi Machi 2005, katika mji wa Maple Ridge, mkoani British Columbia, kijana Grant De Patie aliyekuwa zamu ya usiku kituoni aliuawa alipojaribu kumzuia dereva aliyekuwa akiondoka bila kulipia mafuta. Kuanzia Februari 2008, sheria inayojulikana kwa jina lake imemtaka mteja wa mkoa huo alipe kwanza. Wanaosema kwamba kujihudumia kunamwondolea mfanyakazi hatari wangefaa kulifikiria tukio hilo: kunamwondoa kando ya petroli, lakini pasipo malipo ya kutangulia, kunamwachia kazi ya kukimbiza magari.

Wamarekani, kwa kweli, hawakuzaliwa na mpira wa pampu mkononi. Kwa miongo kadhaa desturi yao ilikuwa kuhudumiwa, na vijana wenye sare na kofia walijaza mafuta, wakafuta kioo cha mbele, wakapima oili na upepo wa matairi. Mwaka 1947 Frank Urich alifungua jijini Los Angeles kituo ambacho mteja alijaza mwenyewe, na chambo chake kilikuwa punguzo la senti 5 kwa galoni. Huko New Jersey husimuliwa kwamba mfanyabiashara Irving Reingold aliuza galoni kwa senti 18.9 wakati wenzake wakiuza kwa senti 21.9, na kwamba wenzake hao, waliposhindwa kumfikia kwa bei, walikimbilia kwa wabunge wa jimbo. Sheria ya mwaka 1949 ikapiga marufuku kujihudumia kwa jina la usalama. Oregon ikafuata mwaka 1951, na sheria yake ikaja kuorodhesha sababu 17, zikiwamo hatari ya moto, sakafu inayoteleza, shida za wazee na watu wenye ulemavu, na upungufu wa ajira. Sheria inayohitaji sababu 17 huniacha na wasiwasi kwamba ile ya kweli haikuandikwa, ingawa nakiri kuwa kadhaa kati ya hizo ni sababu za haki kabisa.

Kwingineko mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1964, huko Westminster, Colorado, John Roscoe alianza kutumia kifaa kilichobuniwa na Herb Timms, ambacho kilimwezesha karani wa duka kuiwasha pampu ya nje akiwa ndani kwenye kaunta yake. Hapo ndipo duka na kituo cha mafuta vilipooana, maana mtu mmoja sasa aliweza kuuza maziwa na petroli kwa wakati mmoja. Msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 ulipopandisha bei, madereva waliona senti chache si haba, na kuhudumiwa kukawa kunapungua mwaka hadi mwaka.

Je, mtu wa kawaida anaweza kuaminiwa na petroli? Miongo yote hiyo imejibu kwamba anaweza, ila jibu hilo limebebwa na ufundi kuliko busara za madereva. Karibu na ncha ya mdomo wa pampu kuna kitundu kidogo, na mafuta yanapopita ndani hujenga mvutano unaofyonza hewa kupitia kitundu hicho. Tangi likijaa, mafuta huziba kitundu, hewa hukosekana, mvutano huongezeka ghafla na kuvuta kiwambo kinachofyatua vali. Ule mlio mdogo tunaousikia ni pampu ikijifunga yenyewe, bila umeme na bila kompyuta. Vilevile, mdomo wa petroli umefanywa mwembamba kuliko wa dizeli, na ndiyo sababu ni vigumu kuingiza dizeli kwenye gari la petroli, lakini kinyume chake hakizuiliki kwa urahisi: mdomo mwembamba hupenya vizuri kwenye shingo pana ya tangi la dizeli. Rangi nazo haziaminiki kwa anayesafiri, kwani Marekani mpini wa kijani mara nyingi humaanisha dizeli, na Uingereza kijani ni petroli. Mhudumu anayeuliza mara mbili "petroli au dizeli?" anafanya kazi ambayo chuma hakijaimaliza.

Kuna pia umeme tuli. Mtu anaposugua nguo zake kwenye kiti wakati wa kuingia na kutoka garini, hasa katika baridi kavu, mwili wake hubeba chaji, na akigusa mdomo wa pampu penye mvuke wa petroli cheche moja yaweza kutosha. Petroleum Equipment Institute, chama cha Marekani cha wafanyabiashara wa vifaa vya mafuta, kilikusanya taarifa za mioto ya aina hiyo, na ushauri wake ni mwepesi: usirudi garini wakati mafuta yanaendelea kuingia, na kama umerudi, gusa kwanza chuma cha mlango mbali na tangi. Moto ukishatokea, usiuchomoe mdomo wa pampu, ondoka na umwite mhudumu aizime pampu. Nilijaza mafuta kule pamoja na madereva wasiohesabika, na ushauri huo niliuona kwenye vibandiko vya pampu tu, vyenye maandishi madogo, bila kusikia mtu akimfundisha mwenzake.

Hapo ndipo ninapoona ubora wa kuhudumiwa, walau kwa nadharia: ni rahisi kumfunza mhudumu mmoja kuliko kuwafunza madereva wote wanaopita mbele yake. Nasema kwa nadharia kwa sababu mafunzo yasipotolewa faida hiyo hutoweka. Pampu ikishajifunga kwa mlio wake, tangi limefika mahali linapotakiwa kuishia, kwa kuwa mafuta hutanuka yakipata joto na mvuke unahitaji nafasi. Mhudumu anayeendelea kubonyeza kidogo kidogo ili fedha zifike tarakimu kamili anamfurahisha mteja asiyetaka chenji, lakini anaweza kumwaga petroli, au kuisukuma mpaka kwenye mfumo wa gari unaonasa mvuke, ambao haukutengenezwa kupokea kimiminika. Wateja wengi huomba jambo hilo wenyewe. Mimi huwaomba wahudumu waache kubonyeza mlio unapotokea, na sijaona aliyekasirika.

Nirudi kwenye mita. Sifuri inaonyesha hesabu ilipoanzia tu, haionyeshi kama lita inayohesabiwa ni lita kamili. Jambo hilo la pili hujulikana kwa kumimina mafuta kwenye chombo cha mkaguzi wa vipimo na kusoma kiwango shingoni mwake. Kanuni za kimataifa za vipimo zinaipa pampu nafasi ya kukosea isiyozidi asilimia 0.5, yaani mililita 100 katika lita 20, na kipimo cha Marekani kwa pampu zilizokwisha kutumika, inchi 6 za ujazo katika galoni 5, kinakaribiana sana na hicho. Pampu ikizidisha hapo, anayejihudumia ataibiwa kwa mkono wake mwenyewe huku akizitazama tarakimu kwa utulivu. Ndiyo maana siku hizi natafuta kwanza stika ya ukaguzi na tarehe yake, na sifuri baadaye.

Kuhusu kioo cha mbele na upepo wa matairi sina mengi, kwani kule huduma hizo zilikufa, na huku kwetu zinategemea hali ya foleni. Suala la mtu asiyeweza kushuka garini ni zito zaidi. Sheria ya Marekani kuhusu haki za watu wenye ulemavu inakitaka kituo cha kujihudumia kimsaidie mteja huyo akiomba, kwa bei ile ile ya kujihudumia, isipokuwa pale ambapo kuna mfanyakazi mmoja tu anayeendesha pampu kutoka ndani. Usiku, mfanyakazi ni mmoja mara nyingi, kwa hiyo ruhusa hiyo inameza sehemu kubwa ya haki yenyewe. Huku, mtu wa namna hiyo hana haja ya kuomba chochote ambacho wengine hawapewi.

Binamu yangu, ambaye anafikiria kuwekeza kwenye kituo cha mafuta, ananiambia kwamba kujihudumia ndiyo maendeleo na kwamba akiwaondoa wahudumu atapunguza bei. Nilimuuliza ni nani atakayemlazimisha kuipunguza, akacheka. Punguzo la Urich lilikuwa na maana kwa sababu jirani yake aliendelea kuwalipa vijana wenye kofia. Jirani wote wakishawaondoa, mshahara uliookolewa hauna tena sababu ya kumfikia mteja, na kazi ya kushika mpira inabaki kwake bila malipo. Sidai kwamba bei haikushuka kamwe popote. Nadai kwamba ushindani ndio unaoishusha, na ushindani haumo ndani ya pampu.

Mfano ninaouona wa kuigwa umetoka kule kule Oregon. Baada ya kulegeza marufuku hatua kwa hatua, kwanza katika maeneo ya mashambani, jimbo hilo lilipitisha sheria iliyotiwa saini na Gavana Tina Kotek mwezi Agosti 2023, inayoruhusu hadi nusu ya pampu za kituo ziwe za kujihudumia, pampu zilizobaki ziwe na mhudumu, na bei iwe moja pande zote mbili. New Jersey ikabaki jimbo pekee linalokataza kujihudumia kabisa. Sharti la bei moja ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linamzuia mwenye kituo kumtoza mzee au mgonjwa faini ya kutoweza kushuka. Binamu yangu akijenga kituo chake nitamshauri aweke pampu mbili za kujihudumia pembeni kwa wenye haraka, awabakize wahudumu wake kwenye zilizobaki, na azigeuze mita zote zielekee kwenye dirisha la dereva.